HERUFI ZILIZOINUKA: KIBAO KISOMWE KWA MACHO NA KWA VIDOLE

Mtu afikapo katika mji asioujua, au aingiapo katika ofisi ambayo hajapata kuikanyaga, jambo la kwanza analolitafuta si uso wa karani wala sauti ya mlinzi, ni kibao. Kibao ndicho kinachomwambia kwamba hapa ndipo zahanati, hapa ndipo mahakama, hapa ndipo ofisi ya Chama. Kwamba mlango huu ni wa mganga na ule ni wa dawa. Kwa hiyo kibao nacho ni mtumishi wa umma. Hakilipwi mshahara wala hakiendi likizo, na humjibu tajiri na maskini kwa neno lile lile.

Hata hivyo, mtumishi huyu tumempuuza. Katika majengo mengi ya umma leo kibao ni kipande cha turubai la plastiki kilichochapwa kwa mashine, kikafungwa kwa kamba juu ya mlango. Siku ya ufunguzi hung'aa. Jua likikipiga miezi kadhaa rangi nyekundu hupauka, pembe moja hukatika, na upepo hukifanya kikapiga makofi usiku kucha. Mwaka wa pili hununuliwa kingine. Fedha ya wananchi hutoka mara mbili, mara tatu, kwa neno moja tu lisilobadilika, nalo ni jina la mahali.

Twataka kusema leo habari ya kibao cha namna nyingine: kibao cha mbao kilichotengenezwa kwa mkono, ambacho herufi zake zimekatwa mbali, zikapachikwa ndani ya ubao, zikaachwa zimeinuka juu ya uso wake. Twasema hivyo kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba kazi hii yaweza kumpa riziki fundi wetu aliyeko mtaani. Ya pili, nayo ni kubwa zaidi, ni kwamba herufi iliyoinuka yaweza kusomwa hata na mwananchi asiyeona. Mambo haya mawili aghalabu hutajwa mbalimbali, ilhali ni jambo moja.

ASILI YA KAZI HII

Asidhani mtu kwamba kuinua herufi juu ya jiwe au mti ni elimu iliyoletwa kwetu jana na meli. Katika msikiti wa kale wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, nayo yametaja mwaka wa 500 wa Hijiria, yaani mwaka 1107. Mafundi wa pwani yetu wamekuwa wakitoa herufi katika jiwe gumu kwa zaidi ya miaka 900.

Vivyo hivyo katika milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mtu akiinua macho ataona kwamba kizingiti cha juu cha mlango mara nyingi kimebeba maandishi: aya, dua, au mwaka wa kujengwa nyumba. Fundi hakuyaandika maneno yale kwa rangi. Aliuchimba mti pande zote za herufi, akauondoa, mpaka herufi ikabaki peke yake imesimama. Rangi ingekwisha kufutika zamani. Mti bado unasema.

Bara nako, katika miaka ya 1970, vibao vilifanya kazi ya ukombozi. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika kampeni iliyofuata vijiji vingi viliweka majina juu ya miti, nyumba na vyombo, ili mzee atokaye shambani asome neno MWEMBE pale pale mwembe uliposimama. Kijiji kizima kiligeuka kitabu. Hilo lapasa kutukumbusha kwamba kibao si pambo la ukuta. Ni somo, na somo lisilosomeka halifundishi mtu.

KUBANDIKA SI KUPACHIKA

Ziko njia tatu za kuinua herufi juu ya ubao. Ya kwanza ni ile ya milango ya Zanzibar, ya kuchimba mti wote unaoizunguka herufi. Hiyo ni njia nzuri na imara, lakini yataka muda mwingi na mkono uliokomaa kwa miaka. Ya pili ni kukata herufi na kuipigilia juu ya ubao kwa misumari. Hiyo ni rahisi, nayo ndiyo inayotuaibisha. Msumari hushika kutu, mvua hupenya nyuma ya herufi, mti huvimba na kunywea, na siku moja herufi huanguka. Herufi moja tu ikianguka maneno hugeuka: OFISI YA KATA ikipoteza O yake, wananchi watakuwa wanapeleka mashauri yao kwa FISI.

Njia ya tatu ni ya kupachika. Fundi hukata herufi kutoka katika mti mwingine, hasa wenye rangi iliyo mbali na rangi ya ubao. Kisha hulichimba katika ubao shimo lenye umbo la herufi ile ile, nusu ya unene wake. Kisha huishindilia ndani kwa gundi. Nusu ya herufi imezama na nusu imeinuka. Herufi ya namna hii haishikwi na gundi peke yake. Imekumbatiwa na mti pande zote, kama jino katika ufizi. Mvua haipati mlango wa kupita nyuma yake, na mwizi wa herufi, kama yupo, atachoka kabla hajaing'oa.

KAZI YENYEWE

Yafaa tueleze kazi hii hatua kwa hatua, ili mwenye kuagiza ajue anacholipia, na kijana mwenye kutaka kujifunza aone kwamba hapana uchawi ndani yake.

Kwanza ni mbao. Kibao cha ndani ya nyumba chaweza kuwa cha mninga, mti wenye rangi ya kahawia nyekundu unaopigika randa vizuri na usiocheza sana ukisha kukauka. Kibao cha nje, chenye kupigwa na jua na mvua, chataka mvule au mtiki, ambayo haichakazwi upesi na mchwa wala unyevu. Ubao wa msindano ni rahisi kwa bei, nao waweza kutumika ndani, lakini ni laini, na kingo za shimo hubomoka upesi. Herufi zenyewe, kama ubao ni wa rangi nyepesi, hapana mti uzipendezeshao kama mpingo. Mpingo huchukua miaka 70 mpaka 100 kabla haujafaa kuvunwa, na ni mzito hata huzama majini. Kwa sababu hiyo ni dhambi kuukata mpingo mzima kwa ajili ya herufi, wala haihitajiki. Herufi ni kitu kidogo. Vipande vinavyosalia katika karakana za wachonga vinyago, ambavyo vingetiwa motoni, vyatosha kabisa kuandika jina la shule.

Mbao hizo, kubwa kwa ndogo, sharti ziwe zimekauka. Kanuni ya zamani ya maseremala husema kwamba ubao hukaushwa kivulini mwaka mmoja kwa kila inchi moja ya unene. Fundi aliye na haraka, atumiaye mti mbichi, huona matokeo yake baada ya miezi michache: shimo limenywea upande mmoja, herufi imepasuka, na kibao kimepinda kama kigae. Aibu hiyo hainunuliki kwa bei yoyote.

Pili ni kuchora. Herufi huchorwa kwanza katika karatasi kwa ukubwa ule ule utakaotumika. Kanuni ya wachoraji wa vibao ni kwamba kila sentimita 2.5 za urefu wa herufi husomeka vizuri kwa umbali wa mita 3 hivi. Herufi ya sentimita 10 basi yatosha kwa mtu aliye mita 12. Neno ZAHANATI lina herufi 8. Kila herufi ikipewa upana wa sentimita 8, na nafasi ya sentimita 2 katikati, maneno yatachukua sentimita 78, na ukiacha ukingo wa sentimita 11 kila upande, ubao wa mita moja watosha barabara.

Lakini nafasi baina ya herufi haipimwi kwa rula peke yake. H na N zikisimama pamoja zina kuta mbili zinazotazamana, hivyo huonekana zimesongamana; A na T zina mabega yanayokimbiana, hivyo huonekana zimeachana. Fundi mwema huzisogeza hizi na kuzitenga zile mpaka jicho litulie. Kisha karatasi hupewa mtu wa pili aisome. Kosa la tahajia katika karatasi hufutwa kwa mpira. Katika mpingo halifutiki, nalo litamfundisha vibaya kila mtoto apitaye hapo kwa miaka 30.

Tatu ni kukata. Herufi hukatwa katika mti wenye unene wa milimita 12, kwa msumeno mwembamba wenye ulimi kama uzi. Herufi zenye tumbo, kama A, B, D, O, P na R, hutobolewa kwanza kwa keekee, kisha ulimi wa msumeno hupitishwa katika tundu hilo ili kukata kwa ndani. Tupa na msasa humaliza kingo. Nyuzi za mti wa herufi na nyuzi za mti wa ubao sharti zielekee upande mmoja, kwa sababu mti hupanuka kwa upana wala si kwa urefu. Ukizipinganisha, kimoja kitampasua mwenzake.

Nne ni kuchimba, na hapa ndipo fundi anapojulikana. Kila herufi huwekwa mahali pake juu ya ubao, nayo huzungushiwa ncha ya kisu, si penseli, maana mstari wa penseli una unene na wa kisu hauna. Kila herufi hupewa namba kwa nyuma, kwa kuwa A mbili zilizokatwa kwa mkono hazilingani kamwe kama mapacha, na kila moja lazima irudi katika shimo lake. Patasi hupigwa wima ndani kidogo ya mstari, kisha mti huondolewa tabaka kwa tabaka mpaka kina cha milimita 6. Kipimo cha kina chaweza kuwa kipande cha ubao chenye msumari mmoja uliotokeza milimita 6. Kikipita bila kukwaruza, shimo limetosha. Katika herufi kama A na O lazima kibaki kisiwa kidogo cha ubao katikati. Kisiwa hicho ni chepesi kuvunjika, na fundi mwenye pupa hukivunja kila siku.

Mwisho ni kupachika na kumaliza. Herufi hujaribiwa kavu. Kisha hutiwa gundi, hufunikwa kwa kipande cha mti, hugongwa kwa nyundo ya mti na kubanwa kwa jiriwa hadi kesho yake. Nazo zikikauka huinuka milimita 6 juu ya ubao. Kibao cha nje hupigwa randa ukingo wa juu uwe na mteremko ili maji yasikae. Vanishi au mafuta hupakwa mbele na nyuma pia, kwa kuwa ubao uliopakwa upande mmoja tu hunywa unyevu upande wa pili na kupinda. Na afanyaye kazi hii na azibe pua na mdomo kwa barakoa, kwani vumbi la mvule na la mpingo huwasha ngozi na kudhuru kifua. Afya ya mfanyakazi ni chombo cha kwanza katika karakana.

LUGHA YETU YAMSAIDIA FUNDI

Jambo moja lamfaa fundi wa Kiswahili kuliko mwenzake wa lugha nyingine. Lugha yetu haitumii Q wala X, na C haitembei bila H. Fundi wetu basi hana haja ya vigezo 26, vinamtosha 24. Herufi itumikayo kuliko zote ni A. Tazama maneno MAHAKAMA YA MWANZO: yana herufi 16, na katika hizo 6 ni A na 3 ni M. Fundi mwenye kigezo kizuri cha A, kilichokatwa kwa ubao mgumu na kutunzwa, amekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi yake kabla mteja hajafika. Karakana ya watu watano yaweza kugawana kazi: mmoja achore, wawili wakate, mmoja achimbe, mmoja apachike na kupaka. Huo ndio ushirika wa kweli, ambao kila mmoja huona kwa macho yake alichokiongeza katika kazi ya mwenziwe.

HAKI YA ASIYEONA

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu. Turubai lililochapwa, hata likiwa zuri namna gani, kwa mwananchi asiyeona ni kitambaa kitupu. Anaingia katika hospitali yenye milango 20, na milango yote kwake ni mmoja. Humlazimu kuuliza kila mpitaji: mlango wa choo uko wapi, mlango wa mganga ni upi. Kwa wengine hilo ni jambo dogo. Kwake ni kunyang'anywa siri zake, maana hawezi kwenda popote bila kuutangazia ukumbi mzima aendako.

Herufi ya kuinuka ndiyo iliyokuwa mlango wa kwanza wa elimu kwa watu wasioona. Katika mji wa Paris, Valentin Haüy alifungua mwaka 1785 shule ya vijana wasioona, akawachapia vitabu vyenye herufi zilizoinuka juu ya karatasi. Vitabu hivyo vilikuwa vikubwa na vizito, na kidole kilikwenda polepole mno juu ya kila herufi. Mwaka 1819 aliingia katika shule hiyo mtoto wa miaka 10, jina lake Louis Braille, asiyeona yeye mwenyewe. Mtoto huyo ndiye aliyebuni mwandiko wa nukta sita ambao alitoa maelezo yake katika kitabu mwaka 1829, na ambao leo husomwa duniani kote, na katika Kiswahili pia. Kwetu Tanganyika shule ya wasioona ya Buigiri, katika Dodoma, ilianzishwa mwaka 1950, na watoto wengi wa nchi hii wameujua mwandiko huo kwa vidole vyao.

Historia hii yatufundisha jambo la kutumia. Kwa kitabu kizima, nukta za Braille zilizishinda herufi zilizoinuka, na kwa haki. Lakini kwa neno moja la mlangoni, herufi iliyoinuka bado ina kazi yake. Mtu aliyepoteza macho akiwa na umri wa miaka 50, baada ya kusoma na kuandika maisha yake yote, huenda hajapata kujifunza nukta. Ila umbo la A na la M lingali katika kumbukumbu yake, na kidole chake kitalitambua. Yule aliyezaliwa haoni huenda asijue umbo la M, ila nukta anazijua. Kwa hiyo kibao chema cha mlango chapasa kubeba vyote viwili: herufi zilizoinuka, na chini yake nukta.

Hapa lazima fundi ashike vipimo. Herufi za kusomwa kwa vidole si zile kubwa za nje. Katika Marekani kanuni za majengo zataka herufi za milango ya ndani ziwe kubwa zote, zisizo na mikia wala mapambo, zenye urefu baina ya milimita 16 na 51, na zilizoinuka si chini ya milimita 0.8, nazo zikae katika kimo cha baina ya mita 1.22 na 1.52 kutoka sakafuni, mahali ambapo mkono wa mtu aliyesimama hufika bila taabu. Vipimo hivyo si sheria yetu, lakini ni uzoefu wa wengine ambao hatuna haja ya kuurudia kwa makosa. Herufi ya sentimita 4, iliyopachikwa na kuinuka milimita 2, yenye kingo zilizolainishwa kwa msasa, ni rahisi kwa kidole na nzuri kwa jicho.

Na nukta zisikuzwe! Nukta mbili za Braille hutengana kwa milimita 2.5 hivi, ili alama nzima ienee chini ya ncha ya kidole. Fundi azikuzaye ili zipendeze ameandika pambo, si neno. Ikiwa mkono hauwezi kuzitoboa kwa usahihi huo katika mti, zipigwe kwa ubao na kalamu ya Braille juu ya bati jembamba la alumini, kisha bati hilo lipachikwe katika shimo lake chini ya herufi. Na kabla kibao hakijatundikwa, kisomwe na mtu asiyeona. Yeye ndiye mkaguzi. Hapana injinia awezaye kusaini mahali pake.

Wala hili si ombi la huruma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, wataka majengo ya umma yawe na vibao vyenye maandishi ya Braille na vyenye kueleweka kwa urahisi. Mwaka 2010 Bunge letu likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Sheria ipo, mkataba upo, mti upo, fundi yupo. Kilichosalia ni mtu wa kuagiza.

HOJA ZA WENYE SHAKA

Watakuwapo watakaosema kwamba kibao cha mkono ni ghali na hukawia. Ni kweli kwamba turubai huchapwa kwa saa moja, na kibao cha kupachika chaweza kuchukua siku kadhaa. Lakini bei ya kitu haihesabiwi siku ya kukinunua tu. Huhesabiwa pia kwa miaka kinayodumu. Kununua turubai kila mwaka kwa miaka 10 ni kununua vibao kumi. Tena, fedha ya turubai kwa sehemu kubwa hufuata plastiki na wino vinavyotoka ng'ambo, bali fedha ya kibao cha mninga hubaki kwa mwenye msitu, mpasua mbao, seremala na mkewe aendaye sokoni jioni ile ile.

Wengine watasema kwamba mashine sasa yaweza kuchimba herufi kwa dakika chache. Hatuna ugomvi na mashine. Karakana yenye kumudu mashine ya kuchimbia mbao na iinunue, nayo iichukue kama patasi iendayo kasi. Sisi twapinga jambo moja tu: kuacha kufikiri. Mashine itachimba kosa la tahajia kwa uzuri ule ule inavyochimba neno sahihi, nayo haitajua kama mti ni mbichi.

Hoja ya tatu ina ukweli mchungu, nao ni kwamba mafundi wetu nao wana lawama. Wako wachukuao malipo ya kwanza na kuhama mtaa. Wako wasemao Jumatatu wakimaanisha mwezi ujao. Wako wanunuao mbao zisizo na kibali wakiharibu misitu yetu. Fundi wa namna hiyo asilalamike kazi ikienda kwa mwenye mashine ya kuchapa. Kazi ya umma yataka ahadi ya kweli, mbao halali zenye hati, na mkono usiobahatisha.

LA KUFANYA

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba fedha ni zao la kazi, si shina lake. Tukiwa na imani hiyo, twaona yako mambo manne yawezayo kuanza bila kungoja mtu.

Kwanza, kila tawi la Chama na kila ofisi ya kata ivikague vibao vyake. Vile vilivyopauka visirudiwe kwa turubai. Viagizwe kwa fundi aliye karibu, na kwa milango ya ndani viagizwe vyenye herufi za kuinuka na nukta.

Pili, mafundi wajiunge katika vikundi vilivyosajiliwa. Sheria ya ununuzi wa umma imeweka fungu la asilimia 30 kwa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, na zabuni za Serikali tangu mwaka 2023 hupitia mfumo wa NeST. Fundi mmoja mwenye patasi moja hataonekana humo; kikundi chenye hati kitaonekana. Halmashauri nazo zatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024. Msumeno, jiriwa na seti ya patasi si mtaji wa kumtisha mtu.

Tatu, vyuo vya ufundi, vikiwamo vya VETA, na maofisa wa SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, waone namna ya kulifanya somo hili kuwa sehemu ya useremala. Kijana ajuaye kutengeneza kitanda anazo tayari nusu za stadi hizi.

Nne, watu wasioona wasiitwe mwisho, kuja kupigwa picha. Waitwe mwanzo, katika karakana, wawe wakaguzi wa herufi na wapigaji wa nukta kwa ujira. Kwa njia hiyo kibao kimoja kitakuwa kimelisha nyumba mbili, ya aonaye na ya asiyeona, kabla hakijamwongoza mgeni wa kwanza.

Ndugu wasomaji, taifa hujulikana kwa makubwa yake, kwa reli na mabwawa na viwanja vya ndege. Lakini mwananchi hukutana na taifa lake mlangoni, pale anapotafuta mahali pa kuingia na shida yake mkononi. Kama mlango huo una neno lililosimama imara, awezalo kulisoma kwa jicho au kuligusa kwa kidole, atajua kwamba aliyelitengeneza alimfikiria. Patasi ziko, mbao ziko, na sheria iko. Ofisi yako ina kibao gani?